Koti Moja, Taa Nyekundu

Hebu niambie wewe unayesikiliza: ushawahi kwenda intavyuu na koti la watu watatu?

Mumbua, Ogutu na Nasambu walikuwa na degree tatu, chumba kimoja cha mabati na koti moja lililowakaa wote vibaya. Mumbua alisomea fizikia. Mwanga aliujua kama wengine wanavyojua umbea. Ogutu alikuwa mtu wa nyaya. Nasambu wa hesabu alikuwa na subira ya kutisha. Sheria ya nyumba: mwenye intavyuu ndiye avaaye koti.

Siku moja kiwanda cha tomato sosi kiliwaita wote. Mashine mpya ya kuchagua nyanya ilikuwa ikitupa mbivu na kupitisha mbichi. "Mkiitengeneza, kuna kazi," akasema meneja.

Mumbua alichungulia sensa, jicho la mashine, akacheka bila furaha. "Wazee, jicho hili halijui rangi. Linapima mwanga tu. Chini ya hii taa nyeupe, mbichi iliyopauka inang'aa kuliko mbivu. Tumulike mwanga mwekundu: mbivu itaurudisha, mbichi itaumeza."

Taa nyekundu itoke wapi? Ogutu akaenda nje, akang'oa taa ya breki ya pikipiki yake ya bodaboda, ndiyo ugali wake, akaifunga kwenye mashine. "Trafiki wakinishika, mniletee chai seli."

Bado mashine ikatupa nyanya zote. Nasambu akaketi sakafuni akiipitishia nyanya mojamoja, akipima mwanga unaorudi, hadi macho yakamvimba. Akapata mpaka kati ya mbichi na mbivu, akauweka kwenye mashine. "Washa." Nyekundu zikapita. Kijani zikaanguka.

"Brilliant!" meneja akapiga makofi. "But budget ni ya mtu mmoja. Jumatatu aje mmoja. Kubalianeni huko."

Nyumbani, koti lilining'inia msumarini. Bila mimi wangekuwa bado wanaipiga mashine mateke, Mumbua aliwaza. Kisha akaiona pikipiki isiyo na taa. Akayaona macho ya Nasambu.

"Vaa wewe, Mumbua," Ogutu akasema.

"Usinitukane, buda."

Nasambu akageukia ukuta. Wote walijua: atakayelivaa safari hii hatalirudisha msumarini.

Je, wewe ungemvisha nani?

Nawe meneja, mashine yako sasa inazijua mbivu, wewe je? Toa kazi tatu. Hutaki? Basi rudisha taa ya Ogutu, futa vipimo vya Nasambu, sahau alichokufundisha Mumbua, uzichague nyanya zako kwa mkono.