Digidigi na Vikapu vya Mtama

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa kwa watoto.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na chuo cha dawa za mizizi, juu mlimani. Aliyetaka kusoma alihitaji gunia la mtama la kula msimu mzima. Asiye na gunia alirudishwa. Ngoma ya lango ikinyamaza, lango hufungwa, basi, mpaka mwaka mwingine.

Digidigi alitaka kusoma. Mama yake aliugua miguu, hata kusimama hawezi, na bondeni hakuna aliyeijua dawa. Lakini ukame ulikuwa umemaliza kila kitu kwao. Akapanda mlima mikono mitupu. Moyo ndu! ndu! ndu!

"Shoga, mbona watetemeka?" akauliza rafiki yake Nungunungu, aliyemsindikiza.

"Wakinirudisha je?"

"Hujafika, ushaanza kurudi!"

Langoni walikaa Kiboko, Mbuni, Mchwa na Fisi, kila mmoja na mtama wake kikapuni kwa ajili ya wanafunzi. Mtama ule ule, mweupe.

"Karibu, mwanangu!" Fisi akaita. "Chukua, chukua!"

Kwa kina Digidigi, anayepewa haulizi. Hupiga goti, hupokea, hushukuru, hunyamaza. Digidigi akapiga goti. Akapokea gunia zima.

"Asante, mjomba."

Nungunungu hakufunzwa adabu hiyo. "Mjomba Fisi, huu wa kupewa au wa kukopa?"

"Hi hi hi! Wa kukopa, bibie. Akimaliza chuo atarudisha gunia, na debe juu yake. Akichelewa, debe linazaa debe."

Digidigi akamgeukia Fisi. "Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Ndi! Ndi! Ngoma ikaanza kulia.

"Mrudishie," Nungunungu akanong'ona. "Hujala hata punje."

"Nitamwambiaje? Nimeshasema asante!"

"Mwambie asante tena!"

Digidigi akarudisha gunia. Ndi! Ndi! Akamkimbilia Kiboko.

"Babu, wako ni wa namna gani?"

"Wa bure, kwa wasio nacho. Haurudishwi. Lakini sharti useme."

Aseme umaskini wa kwao mbele ya watu wote! Ndi! Ndi!

"Kwetu hakuna kitu, babu."

Kiboko akampa nusu gunia.

"Wangu ni tuzo," akasema Mbuni. "Wa walioongoza mtihani. Na wakishuka, nasimamisha. Uliongoza?"

"Hapana, shangazi."

"Pita."

"Wangu ni wa jasho," akasema Mchwa. "Kila siku masomo yakiisha, unanibebea udongo."

"Nitabeba!"

Akapata robo. Ikabaki robo. Ndi... ndi... Ngoma ilikuwa inachoka.

Digidigi akarudi kwa Fisi. Safari hii hakupiga goti.

"Mjomba, nikopeshe robo tu. Nitarudisha na nini juu yake? Kuanzia lini? Nikichelewa je?"

Fisi hakucheka. Akajibu moja moja, Nungunungu akisikiliza. Digidigi akachukua robo yake, akaruka ndani. Lango nyuma yake: pwaa! Moyo bado ndu! ndu!

Msimu ulipokwisha alishuka bondeni na mzizi mdomoni. Akauchemsha. Mama akanywa. Mama akasimama.

"Umelipa nini, mwanangu?" mama akauliza.

"Udongo, mama. Na deni dogo ninalolijua."

Basi sikilizeni. Misaada ya masomo haifanani: upo wa bure, upo wa tuzo, upo wa jasho, upo wa deni. Uliza kwanza, shukuru baadaye. Na deni liwe la mwisho.

Hadithi yangu imefika langoni, nayo imeishia hapo.