Sanamu Iliyokaribishwa na Mtu Mmoja

Sogeeni niwape ngano!
Tupe, tumesogea!

Meya wa mji wetu alisimamisha sanamu ya jiwe uwanjani bila kumuuliza mtu. Siku ya kwanza kuku wakatoweka. Siku ya pili mbuzi, nasi tukaanza kuipitia mbali. Siku ya tatu tukaiona ina manyoya mdomoni.

"Hiyo ni sanaa," Meya akasema. "Nyie mnajua nini?"

Bi Mize, muuza vitumbua, akaiuliza sanamu: "Ulipokuja hapa, ulibisha hodi?"

Kumbe ni zimwi! Likafumbua macho. "Nilibisha."

"Nani alikwambia karibu?"

Likatutazama mmoja mmoja. "Meya peke yake."

"Basi wewe si mgeni wetu."

Zimwi likashuka, likamshika Meya mkono. "Twende kwako, mwenyeji wangu. Njaa inaniuma."

Ngano yangu imeishia mlangoni kwa Meya. Ndani sikuingia.