Pimbi Aliyetafuna Buni Jioni

Bisheni, basi! Nasema pimbi aliwahi kusinzia amesimama, macho wazi, na tai yuko juu ya kichwa chake. Nani anabisha? Wewe wa nyuma, unacheka? Shule niliiacha darasa la tano, lakini hadithi hii hata mwalimu haijui.

Paukwa!

Pakawa!

Nyie mmekula kweli? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani, zamani ya mbali huko, migomba na mibuni iliota chini ya jabali. Juu ya jabali waliishi pimbi. Desturi yao ilikuwa moja: wenzake wakila majani, mmoja husimama kileleni akilinda. Akimwona tai, hupiga mluzi. Fyuuu! Watoto huingia pangoni, pu! pu! pu!

Zamu ikamkaribia Pimbi, baba wa watoto watatu. Wasiwasi wa zamu ukamnyima usingizi. Anageuka huku. Anageuka kule. Mara kumekucha.

Akamwendea Ngedere, hodari wa maneno.

"Usingizi tu, kaka? Tafuna buni jioni, zile nyekundu. Tamu! Utalala kama gogo."

Pimbi akatafuna. Usiku, macho makavu. Kesho yake akaongeza. Macho makavu kabisa!

Asubuhi akapanda kileleni. Akasinzia. Kivuli kikapita juu ya jabali, polepole, polepole...

"Kwee! Kwee! Kwee!" Shangazi Kanga, aliyekuwa akichakura chini ya mibuni, akapiga kelele. Watoto pu! pu! Yule mdogo akaponea chupuchupu, manyoya ya mgongoni yamebaki kwenye kucha za Tai.

"Wewe baba gani?" akafoka Kanga.

"Shangazi, silali."

"Jioni unakula nini?"

"Buni."

"Buni! Watu wakikesha matangani hunywa nini?"

"Kahawa."

"Na kahawa inatoka wapi, mwanangu?"

Pimbi akaitazama mibuni chini ya jabali.

"Jua likianza kushuka, kula ndizi mbivu. Karanga kidogo, za kiganja. Basi. Usilishindilie tumbo, litakukesheza."

Usiku wa kwanza akalala kidogo. Wa pili, akalala zaidi. Wa tatu, khoo... khoo... mpaka watoto wakaziba masikio.

Siku ya nne, Pimbi yuko kileleni, Tai akarudi. Fyuuu! Pu! pu! pu! Tai akakuta jiwe tupu.

Funzo ni hili, na wakubwa mlisikie: chakula cha jioni ndicho kinachokutandikia kitanda. Kula cha kutuliza, kula mapema, kula kiasi. Hadithi yangu imeishia hapo, anayetaka kuilalia akailalie.

Ngojeni. Kuna kipande nimekiruka.

Jioni ya siku ile ya nne Pimbi alimpelekea Ngedere ndizi. Akamkuta amejikunyata, macho mekundu.

"Hata mimi silali, kaka," Ngedere akasema. "Miezi sasa. Uliponiuliza, niliona haya kusema sijui."

Pimbi hakumtukana. Akamenya ndizi, wakagawana nusu kwa nusu.

Nimekiruka kwa sababu... aa, msinitazame hivyo! Nani hapa hujifanya anajua kila kitu? Haya, ni mimi. Nipeni na mimi ndizi moja.