Nikitaka Kusimama, Nafanyaje?

Kaeni, wapendwa. Mtanivumilia nikiegemea mimbari. Juma hili nimezika mara tatu, na sauti imebaki makaburini. Sitasema mengi. Nitawasimulia habari za binti mmoja.

Binti huyu alitoka Makete, akapata kazi ya kuosha vyombo katika hoteli moja ya ng'ambo, chini ya mlima wa theluji. Watu wa kule hufunga miguu yote miwili kwenye ubao mmoja, wakateleza mlima mzima kushuka, wakiruka na kujizungusha hewani. Yeye alikuwa jikoni tangu asubuhi mpaka mgongo unakufa ganzi. Ila masikio hayakuwa na kazi, akayaokota maneno yao yote.

Walipokuja wafanyakazi wapya kutoka huku kwetu, akawafundisha wakati wa chakula, amesimama juu ya sinia kana kwamba ni ubao. "Ukitanguliza mguu wa kushoto, wewe ni regula. Ukitanguliza wa kulia, wewe ni gufi. Kuruka kwa kujisukuma na mkia wa ubao ni oli. Ukiushika ubao ukiwa hewani, hiyo ni grabu. Theluji mpya, laini kama unga, ni pau. Na ukianguka kifudifudi, basi umekula theluji!"

Wakacheka, wakampigia makofi, wakamwita Mwalimu. Nani kati yetu hapendi kuitwa hivyo? Mtu amesugua masufuria siku nzima, angekataa?

Kati yao alikuwapo mama mmoja mjane kutoka Bukoba, aliyekuwa akifanya usafi vyumbani. Akamshika mkono. "Mwanangu, Jumatatu tumeruhusiwa kupanda mlima bure. Mimi nikibaki chumbani nawaza tu. Twende ukanifundishe."

Hapo ndipo angesema: mama, hata mimi sijawahi. Lakini alikwisha kuwa Mwalimu. Wakaazima mbao na viatu, wakapanda viti vinavyoning'inia kwenye waya hadi juu. Binti akapiga magoti, akamfunga mama miguu, akamwambia yeye ni gufi. Mama akautazama mteremko ule mweupe.

"Mwalimu, nikitaka kusimama, nafanyaje?"

Wapendwa, binti yule alijua majina ya miruko kumi na mmoja. Namna ya kusimama ubao ukikimbia hakuijua.

"Utazoea tu, mama," akasema.

Mama akaanza kuteleza. Mwendo ukazidi, akapiga kelele, akaanguka, akanyoosha mkono kujikinga. Mfupa wa kifundo cha mkono ukavunjika. Binti, ambaye ubao wake hata hakuwa ameufunga, akautupa, akateremka kwa miguu analia.

Kwenye chumba cha huduma ya kwanza mama alifungwa mkono. Kisha akauliza, wala si kwa hasira, "Mwanangu, wewe ulipojifunza ulianguka mara ngapi?"

"Sijawahi kuanguka, mama."

"Hujawahi kuanguka, au hujawahi kupanda?"



Mnadhani mama aliacha? Plasta ilipotolewa na mkono ukapata nguvu, alirudi, safari hii pale chini kabisa panapochezwa na watoto, akaanguka asubuhi nzima. Msimu uliofuata wakaja wageni wengine, nao wakamfuata yeye. Maneno yale hakuyashika hata moja. Aliwaambia, "Ukiona umezidiwa, kaa chini mapema, kwa makalio. Mikono kunja ngumi, usiinyooshe. Ubao uukingamishe na mteremko, ulalie visigino. Utasimama." Na wa kwanza kwenye foleni ya wanafunzi wake, amekwisha kufunga miguu, alikuwa binti yule.

Sisi je? Sisi tuna majina ya kila kitu hapa: toba, subira, msamaha. Tunayatamka vizuri. Mwezi uliopita baba mmoja alinijia, akaniuliza hasira ikimpanda nyumbani mwake afanye nini hasa. Nikampa mistari mitatu ya Maandiko, nikamsindikiza mlangoni. Alipoondoka nikaona haya, kwa sababu sikumjibu.

Wanaosema hawajaanguka tumewaketisha mbele. Waliovunjika tumewaachia benchi la mlangoni, na tukipita tunanong'onezana. Halafu tunashangaa kwa nini vijana wetu wanaumia!

Mimi nimechoka, ndugu zangu. Kwaya isubiri kidogo. Wewe uliye pale mlangoni, uliyeacha pombe mwaka jana, ukarudia, ukaacha tena, njoo mbele. Usitafute maneno mazuri. Tueleze tu, siku ile ulipoacha mara ya pili, ulianzaje. Mimi nashuka hapa, nakwenda kukaa kwenye benchi lako nisikilize.