Nani Kaziba Upepo wa Kichuguu?

Paukwa!

— Pakawa!

Sauti gani hizo, mmekula au hamjala? Paukwa!

— Pakawaaa!

Pakawa na joto!

— Tupepee!

Haya. Palikuwa na kichuguu kikubwa, na mwenye kichuguu alikuwa Ngiri. Meno yamepinda, shingo nene, na roho ya kutaka kila kitu kiwe chake. Yeye alikaa chumba cha juu, vya chini akavipangisha. Na kichuguu kile kilikuwa na kiyoyozi. Msicheke! Mchwa waliokijenga walikuwa mafundi hasa. Upepo uliingia kwa matundu ya darini kwa Ngiri, ukapita tundu kubwa la ukutani kwake, ukashuka kwa mabomba ya udongo hadi kila chumba. Fyuuu! Nyumba nzima inapoa.

Kiyoyozi hicho ndicho kilichomvuta Nguchiro akapanga pale, akajifungua salama. Kiangazi kikaanza, na upepo wa chumbani kwake haukuwa fyuuu tena. Ukawa fu. Kisha ukawa hamna. Watoto wakatoka vipele vya joto, wakakataa kunyonya, wakalala midomo wazi. Nguchiro akaogopa sana. Nje nyasi zilikuwa zimeungua, hakukuwa na pa kuhamia.

Akapanda juu. "Hodi, baba mwenye nyumba! Upepo haufiki kwangu."

Ngiri kichwa mlangoni, hatoki. "Umesafisha chujio lako la nyasi?"

"Bado."

"Nenda kasafishe!"

Akaenda, akakung'uta vumbi, kung'u kung'u kung'u. Upepo? Hamna. Akapanda.

"Hodi, baba mwenye nyumba! Nimesafisha, upepo haufiki kwangu."

"Umefunga mlango?"

"Bado."

"Unataka kupoza pori zima? Nenda kafunge!"

Akafunga, ndi! Upepo? Hamna, na joto likazidi. Akapanda.

"Hodi, baba mwenye nyumba! Nimefunga, upepo haufiki kwangu."

"Basi umedekezwa na baridi. Subiri mwili uzoee. Ukishindwa, hama!"

Nguchiro akashuka. Akajipenyeza mwenyewe ndani ya bomba la udongo. Tambaa, tambaa, tambaa. Bomba safi. Akapinda kona. Tambaa, tambaa. Safi. Akafika juu kabisa, kichwa kikagonga kitu. Pu! Kitu laini. Kina joto. Kina mkia!

Enyi, ngiri huingiaje shimoni?

— Kinyumenyume!

Kinyumenyume, ili meno yabaki mlangoni. Na huyu alizidi kurudi nyuma, rudi nyuma, mpaka makalio yakaziba lile tundu kubwa, barabara kama kizibo cha kibuyu. Upepo wote ukabaki naye chumbani. "Aaa, raha," anasema, wenzake chini wanaiva.

Mimi ningemng'ata palepale. Lakini ukimng'ata mwenye nyumba utalala nje, na Nguchiro ana watoto. Akarudi zake taratibu.

Asubuhi akajifunga majani makavu mwili mzima, akasimama uani, meno yanagongana, ka-ka-ka-ka! "Uuuwi, baridi! Upepo umerudi kwa fujo, tutaganda!"

Kenge, mpangaji wa chumba cha pili, akatoa kichwa. "Baridi gani, Mama Watoto, nawe jasho linakutiririka?"

Nguchiro akamkonyeza. Kenge si mjinga. "Uuuwi!" naye akalia. "Hata mimi mkia umekufa ganzi!"

Ngiri akasikia. Nyumba yangu, upepo wangu, afaidi mpangaji? Akashuka mbio hadi kwa Nguchiro, gidi gidi gidi. "Toka! Chumba hicho nakitaka mimi."

"Jamani, baba, mimi nikae wapi?"

"Kaa juu kwangu."

"Juu? Na watoto wachanga hawa?"

"Juu, nimesema!"

"Basi tuteme mate mbele ya wapangaji, kama desturi ya kichuguu. Aliyehama harudi."

"Harudi!" Ngiri akatema, ptuu! Nguchiro naye, ptu!

Ngiri akaingia chumba kipya. Akaingiaje?

— Kinyumenyume!

Rudi nyuma, rudi nyuma, rudi nyuma, mpaka makalio yakafika ukutani. Kwa! Yakaziba tundu la bomba la humo humo.

Huko juu, fyuuu! Kwa Kenge, fyuuu! Watoto wa Nguchiro wakafumba midomo, wakalala. Walipoamka wakanyonya mpaka mama yao akalia kwa furaha.

Jua likapanda. Ngiri akaja ametota jasho. "Hodi, mama wa juu! Upepo haufiki kwangu."

Nguchiro kichwa mlangoni, hatoki. "Umesafisha chujio lako la nyasi?"

"Bado."

"Nenda kasafishe!"

Na mpaka leo anakung'uta, kung'u kung'u kung'u.

Sasa funzo, sikilizeni vizuri. Semeni kweli daima, kama Nguchiro. Msichunguze mabomba ya nyumba ya watu. Na mwenye nyumba akisema tatizo ni chujio, basi tatizo ni chujio.

Ngano yangu imeishia uani. Kama imewapoza, mpozeni na jirani. Kama haikuwapoza, kasafisheni chujio.

Na wewe Bwana Makame, mwenye nyumba wetu, uliyeipa feni mgongo tangu nianze, tulia hapo hapo. Ngano hii haikuhusu.