Baiskeli ya Mwinjilisti na Springi Zilizochomelewa

Kabla sijaanza, naomba kila mmoja ashike mgongo wa benchi lililo mbele yake. Shika kwa mikono miwili. Haya, tikisa. Tikisa kama unataka kuling'oa. Umeona? Halijasogea. Mabenchi haya yamekaliwa na waliofiwa, yamekaliwa na maharusi, watoto wa Shule ya Jumapili wameyarukia wakidhani hatuwaoni, na bado yako kama yalivyoletwa. Nayaonea fahari, sifichi. Mgeni akija hapa, kabla sijamwonyesha madhabahu namwonyesha mabenchi. Sasa achieni, kaeni vizuri, maana mfano wangu wa leo ni wa mtu wa chuma.

Kulikuwa na fundi wa kuchomelea katika mji mmoja mdogo wa milimani. Mji ule ulikuwa na desturi yake. Mtu akienda kuchukua kitanda, au geti, au dirisha, haulizi habari ya rangi wala haulizi chuma kimetoka wapi. Anakishika kwa mikono miwili na kukitikisa. Kikilia hata kidogo anakiacha hapohapo, na kabla hajafika kwake mji mzima unajua. Kisipolia anakibeba bila neno. Huo ndio ulikuwa mtihani wao, na fundi wetu hakuwahi kufeli. Juu ya mlango wa karakana yake aliandika kwa rangi nyekundu: HAITIKISIKI. Jina lake hakuliandika, maana hakuona haja.

Alikuwa na maringo? Alikuwa nayo, tena ya kutosha. Alipopita sokoni alitembea katikati ya njia. Lakini mimi simlaumu. Mtu anayefanya kazi yake vizuri ana haki ya kutembea katikati ya njia, na ningependa niwaone wengi wenu mkitembea hivyo.

Sasa, katika kanisa la mji ule kulikuwa na mwinjilisti mwenye umri, aliyehudumia mitaa ya juu kabisa, kule ambako barabara ni mawe na mifereji. Alikuwa na baiskeli nyeusi ya zamani, ile nzito. Washarika walimfungia kiinjini kidogo katikati ya fremu, wakamwekea tangi refu jembamba juu yake, na usukani wakaupinda kurudi nyuma, ikawa inafanana na zile pikipiki za kwanza kabisa ambazo tunaziona kwenye picha za mababu. Ilipendeza sana. Watu walitoka nje kuiangalia ikipita.

Shida ilikuwa mbele. Mbele ulibaki uma uleule wa baiskeli, ile miguu miwili ya chuma inayoshika tairi la mbele, mikavu, haina pa kupumulia. Baiskeli ya kukanyaga hulipanda jiwe polepole. Yenye injini hulivamia. Kila jiwe la barabara ile lilipanda kwenye uma, likaingia kwenye usukani, likaishia kwenye mikono ya mzee yule. Ikafika mahali vidole vinakufa ganzi kabla hajafika nusu ya mlima. Basi akamwendea fundi.

"Fundi, mikono yangu inaisha," akamwambia. "Nikishindwa kupanda, kule juu hakuna mwingine wa kwenda. Nitengenezee uma wenye springi."

"Mwinjilisti," fundi akamjibu, "nitakutengenezea uma ambao watu watakuja kuupiga picha."

Na aliutafuta uma huo, jamani. Alizunguka kila gereji. Alijaribu miguu ya mbele ya pikipiki, ikawa minene na mizito, shingo ya baiskeli isingeibeba. Akaamua kuutengeneza mwenyewe, kwa namna ya zamani. Akachukua mabomba mazuri, akatengeneza miguu minne badala ya miwili: miwili ya nyuma ya kushika usukani, miwili ya mbele ya kubeba tairi. Chini akaiunganisha kwa vikono vifupi vinavyocheza kwenye bolti. Juu, chini kidogo ya usukani, akaweka springi mbili alizozifungua kwenye kiti cha dereva wa trekta bovu. Tairi likigonga jiwe, miguu ya mbele inapanda, springi zinabonyea, na usukani unabaki umetulia. Alipomaliza aliung'arisha mpaka ukawa unaweza kujinyolea ndevu mbele yake. Akaipanda baiskeli, akaipitisha juu ya mawe ya nyuma ya karakana, huku mkono mmoja ameuweka kiunoni. Alirudi anacheka peke yake. Mke wake alimwona, akajua leo kazi imekubali.

Lakini kabla mwinjilisti hajaja kuichukua, alipita mzee mmoja wa kanisa. Mnamjua mzee wa kanisa wa namna ile. Hapa kwetu yupo, simtaji, ananiangalia. Mzee akaisifu baiskeli, akaizunguka, kisha akafanya kile ambacho kila mtu wa mji ule hufanya. Akashika usukani kwa mikono miwili, akakandamiza.

Mbele ya baiskeli ikashuka, ikapanda.

Mzee akaiachia kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Akatazama yale maandishi mekundu juu ya mlango. Akamtazama fundi.

"Fundi," akasema, "hii ya mwinjilisti mbona inatikisika?"

"Imetengenezwa hivyo, mzee. Hizo ni springi."

"Sawa," mzee akasema, na ile sawa yake haikuwa sawa. "Jumapili tutaiombea mbele ya kanisa lote. Watu watataka kuishika."

Akaenda zake. Fundi akabaki amesimama na kitambaa cha kung'arishia mkononi. Ndugu zangu, mtu yule angeweza kutukanwa akavumilia. Angeweza kuibiwa akalala. Neno ambalo hakuwa amewahi kuambiwa ni hilo moja, na sasa lilikuwa linashuka sokoni likiwa kwenye mdomo wa mzee wa kanisa. Akawasha mashine ya kuchomelea. Akapiga tone la chuma kwenye kila kikono, pale penye bolti, akahakikisha hakichezi tena. Mke wake akatoka jikoni.

"Baba Tumsifu, si ulisema inatakiwa ibonyee?"

"Nilisema. Watu hawajaelewa."

"Na mikono ya mwinjilisti, nayo haijaelewa?"

Fundi akashusha miwani yake myeusi usoni, akaendelea. Akapaka rangi juu ya yale matone, na springi zikabaki pale juu zinang'aa, mapambo matupu.

Jumapili ikawa sherehe. Baiskeli ikasimamishwa mbele ya kanisa, ikafungwa kitenge kipya. Mzee wa kanisa akaikandamiza kwa nguvu zake zote, ikabaki kama mwamba. Akawageukia watu akasema, "Haitikisiki." Akinamama wakapiga vigelegele. Wakapanga mstari, kila mmoja akaja akaitikisa, na kila aliyeitikisa aliondoka anamsifu fundi. Mwinjilisti akalia kwa furaha. Akawasha injini, akaelekea mlimani, na watu wakampungia mpaka akapotea kwenye kona.

Aliporudi kutoka mitaa ya juu, hakuja amepanda. Alikuja anaisukuma, tena kwa kuiegemeza kiunoni, kwa sababu vidole havikuweza kukunja. Fundi alimwona tangu mbali. Mnajua alimuuliza nini? Hakumwambia pole. Hakumuuliza amefikaje. Alisema, "Mwinjilisti, imetikisika?"

Mwinjilisti akaisimamisha baiskeli taratibu.

"Haijatikisika, Fundi. Hata mara moja. Nimetikisika mimi." Akamwonyesha mikono yake, imevimba mpaka kwenye vifundo. "Nilipofika juu nilishindwa kufungua Biblia. Mama mmoja alinishikia, akanifungulia na kurasa, kama mtoto. Nimekuja kukuambia asante kwa kazi nzuri. Naona Mungu ananiambia nipumzike. Nitawaomba watafute mtu mwingine, ingawa sijui watampata wapi."

Hakuwa anamsema vibaya. Hakujua kwamba kuna tone la chuma chini ya ile rangi. Alidhani uma umefanya kila unachoweza, na kwamba aliyeisha ni yeye. Hapo ndipo fundi alipovunjika. Akaanguka kwenye kigoda chake cha kazi, akasema, "Niliufunga mimi. Ulikuwa unabonyea, nikaufunga ili watu wasinicheke."

Mwinjilisti akamsukumia baiskeli kwa kiuno. Kisha akasema, "Basi ufungue, mwanangu. Bado naweza kupanda."

Fundi akachukua grainda. Akakata yale matone moja baada ya jingine, na cheche zikaruka mpaka barabarani, na watu wakakusanyika. Mzee wa kanisa naye akaja, maana palipo na watu yeye hakosi. Akaona baiskeli, akashika usukani, akakandamiza kwa mazoea. Mbele ikashuka, ikapanda.

"Fundi," akasema, na safari hii watu walikuwepo, "inabonyea."

Fundi akasimama. Uso wake ulikuwa umejaa unga wa chuma. Akasema kwa sauti ya mtu anayetembea katikati ya njia, "Bonyeza tena, mzee. Hiyo ndiyo kazi yake."

Mwinjilisti alipumzika mpaka uvimbe ukaisha, kisha akapanda mlima, akafungua Biblia kwa mikono yake mwenyewe. Mpaka leo maandishi mekundu yako juu ya mlango ule. Hakuyafuta, kwa sababu vitanda vyake bado havitikisiki. Lakini chini yake ameongeza mstari mwingine: VYA SAFARI VINABONYEA.

Naona mnatabasamu. Mnamcheka fundi. Sasa niulizeni: nani alimfanya achomelee? Ni wale waliopanga mstari kuitikisa. Ni sisi. Sisi ndio tunaomwambia kijana kwenye msiba wa baba yake, jikaze, mwanamume halii. Sisi ndio tunaomsifu mama fulani kwamba tangu aolewe hajawahi kumwomba mtu msamaha, tunasema yule mama ana msimamo. Tunakandamiza, tunaona hakibonyei, tunapiga vigelegele.

Nataka mlielewe jambo hili hata kama mtasahau mengine yote. Mtikisiko wa barabara haupotei. Jiwe likikupiga, lazima pawe na mahali pa kulipokea. Ukikataa kulipokea wewe, linapita ndani yako linaenda kwa yule uliyembeba. Baba amefukuzwa kazi. Anarudi nyumbani uso mkavu, hasemi neno, hatoi chozi, majirani wanasema ni mwanamume wa chuma. Ni kweli, yeye hajatikisika. Lakini mtoto wake wa darasa la pili anakojoa kitandani, na hakuna anayejua kwa nini. Na lile jambo linaloniuma kuliko yote ni kwamba aliyepanda hulaumu mikono yake mwenyewe. Mtoto anadhani kosa ni lake. Mke anadhani yeye ndiye dhaifu. Kama mwinjilisti, wanakuja kutushukuru huku vidole vyao havikunji.

Sijaja kuwanyang'anya fahari yenu. Naipenda. Naomba tu muihamishe. Benchi lisitikisike, maana benchi halisafiri. Lakini wewe si benchi. Wewe una mtu mgongoni, na njia ina mawe. Mungu aliyekuumba alikuwekea mahali pa kubonyea, na hakuona aibu kwa kazi yake. Kwa nini uone aibu wewe? Siku watakapokukandamiza mbele ya watu, wakaona umeshuka, umelia, umesema nisamehe, wakacheka, inua uso uwaambie wabonyeze tena.

Simameni. Leo msishike benchi. Mshike mkono mtu uliyekuja naye, yule unayembeba. Angalia kama vidole vyake bado vinakunja.