Nyuzi Mpya na Mama Kunda

Wapendwa, nisikilizeni kidogo. Kulikuwa na mpiga gitaa mmoja wa kwaya, mtu wa makamo. Watoto walishajitegemea, nyumbani amebaki na mkewe tu. Mwaka ule mke alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakampotea. Mama aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza kanisani akawa hawezi hata kuomba maji ya kunywa.

Mume hakumkimbia. Alimwogesha, akampikia uji, akamfundisha kusema upya kama walivyoelekezwa hospitali. Asubuhi alinyanyua kikombe, akakitaja jina. Mke akajikaza mpaka jasho likamtoka, akasema, "Kikombe." Wakafurahi wote wawili. Jioni akimwuliza, neno limeshaondoka. Je, mnaujua uchovu huo? Kufundisha jambo asubuhi, jioni mkaanza upya?

Pasaka ilipokaribia, yule bwana alifunga nyuzi mpya kwenye gitaa lake, zile za nailoni, mapema ili zipate siku za kutulia. Alikaa sebuleni, mkewe kitini karibu naye. Sasa uzi mpya wa nailoni una tabia ya kuvutika. Unaukaza mpaka sauti inakaa sawa, unaupiga kidogo tu, umeshashuka. Yeye hakushangaa. Aliuvuta kila uzi taratibu kwa vidole, akaukaza, akausikiliza. Ukashuka. Akaukaza tena, huku akiimba chini chini, na mkewe anamtazama.

"Utatulia tu," aliuambia ule uzi mwembamba kuliko yote. "Hatuna haraka, mimi na wewe."

Alipoliweka gitaa pembeni, akamimina chai, akamwonyesha mkewe kikombe akitaje. Mama akafungua mdomo, neno halikuja. Akajaribu tena, akasema, "Ki... kijiko."

Bwana akakitua kikombe mezani kwa kishindo, chai ikamwagika. "Asubuhi ulisema vizuri kabisa, Mama Kunda. Mbona hutaki kujitahidi?"

Mama akainamisha kichwa. Kisha akainua mkono wake mzima, akaelekeza kule lilikokuwa gitaa, akatafuta maneno kama mtu apapasaye gizani.

"Uzi," akasema. "Uzi... hukuugombeza."

Ndugu zangu, tangu augue, mama yule hakuwahi kuunganisha maneno yakaleta maana. Sentensi yake ya kwanza ikawa ya kumwomba mumewe upole.

Bwana aliketi sakafuni, akaweka kichwa kwenye paja la mkewe, akamwomba msamaha. Naye akamshika kichwani kwa ule mkono mzima, hakuutoa upesi. Chai ikapoa pale mezani. Walipoketi tena vizuri, mume akasema polepole, "Kikombe." Wakaanza.

Sasa sisi je? Kusubiri tunakujua. Tunasubiri unga wa maandazi uumuke, tunasubiri mahindi yakauke shambani, wala hatuyapigi kelele. Lakini kijana aliyeacha pombe akianguka mara moja, tunasema, nilijua tu. Mzee akiuliza jambo lile lile tena, tunamjibu kwa ukali. Tunadhani anayeshuka amekataa, kumbe bado anajifunza kukaa. Na Mungu je? Tangu tubatizwe ametuweka sawa tukashuka, akatuweka sawa tukashuka. Nani hapa amewahi kumsikia akichoka?

Basi leo ukifika nyumbani, kabla hujauliza chakula kiko wapi, keti karibu na yule anayekuchosha. Anza naye mwanzo. Na tafadhali, usimkumbushe kwamba jana mlishafika mbali.